Fizi Zangu na Meno ya Yunisi

Jumanne, 10 Juni

Sare ya saba ya kwaya. Shingo ya duara, mikono mifupi, kitenge cha bluu na njano. Baridi imeshika, vidole vizito. Nimekata uzi kwa meno kama siku zote, uzi mweupe ukatoka na wekundu. Nikakata tena mbele kidogo. Wekundu tena.

Ni maji haya. Mimi mzaliwa wa Momela, meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota, na mtu wa Momela haulizi kwa nini fizi zinatoka damu. Jibu linajulikana. Maji ya mlima yanakula meno. Marehemu baba yalimng'oka moja moja, tukasema maji. Mama amebakiwa na machache ya mbele. Maji.

Mwezi wa nane tunarekodi video kule kule Momela, maziwa yaonekane nyuma yetu. Mimi ndiye fundi wa sare. Mimi pia ndiye ninayeanzisha wimbo, tangu Elibariki wangu akiwa mgongoni, na sasa ananizidi urefu. Naanzisha nikiwa na mkono mdomoni. Wageni wanadhani ni mtindo wa uimbaji.

Jumapili, 15 Juni

Nimenyang'anywa.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya katusimamisha. Kwenye video ataanzisha Yunisi. "Mama Elibariki, sauti yako haina shida kabisa. Ila kamera, unajua tena. Inataka uso unaocheka." Hakutaja meno. Hakuna aliyetaja meno. Wote walikuwa wanaangalia sakafu.

Yunisi ni mdogo wangu. Walikuwa wanakaa Olasiti, mume wake akapata kazi chuoni Makumira, wakahamia huku mwezi wa pili. Miezi minne tu kwenye kwaya! Meno yake meupe pe, yamepangana.

Niandike yote, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Shangazi yetu wa Moshi hakujaliwa mtoto. Akaja kuomba mmoja wa kaka yake, kama ilivyo desturi, na shangazi hanyimwi. Akapewa Yunisi, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshajua kuchota maji. Nikayachota, nikayanywa. Yunisi akanywa ya Moshi. Tumbo moja, ziwa moja, maji tofauti.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 18 Juni

Yunisi kaja kupimwa. Shikamoo dada, peremende mdomoni kama kawaida yake. Nilimshonea sketi wakati wa Pasaka, kwa hiyo kiuno chake nakijua. Kimepungua. Amezaa watatu, na kiuno kinarudi usichanani. Mimi nimezaa mmoja na changu kiliondoka bila kuaga.

Anacheka kichwa nyuma, mdomo wazi wote. Sijawahi kucheka hivyo maishani mwangu.

Nikamchoma na pini. Kidogo tu. Nikasema pole.

Jumamosi, 21 Juni

Jirani yangu Mama Pendaeli, ambaye tunasimama naye bega kwa bega kwenye kwaya, kanipa dawa. Mkaa uliosagwa, magadi kidogo, ndimu. Sugua mpaka yakubali. Nimechukua mswaki ule mgumu na kusugua. Beseni likawa jeusi na jekundu. Meno yako vile vile.

Jioni nimesugua tena, kwa hasira. Sitaki yote. Nataka hata robo ya weupe wa Yunisi.

Alhamisi, 26 Juni

Fizi zimevimba, zinang'aa. Chai ya moto inauma. Maji ya baridi yanauma zaidi, na huku asubuhi yanatoka bombani kama barafu. Nimeacha mswaki kabisa. Kidonda hakisuguliwi. Nasukutua maji ya chumvi, natema, nalala.

Jumapili, 6 Julai

Mazoezi. Mama Pendaeli kasogea mbali nami. Miaka yote kulia kwangu, leo anajifanya anatafuta hewa dirishani, na baridi yote hii. Nimeelewa. Najinusa mwenyewe nikiweka kiganja mdomoni.

Baba Elibariki naye kaniambia kwa upole nikamwone daktari wa meno. Nikamjibu ni maji. Akasema maji hayo hayo na yeye anayanywa. Nikainuka nikaanza kuosha vyombo.

Yunisi kaimba. Watu walifuta machozi. Na mimi nilifuta, ila yangu yalikuwa ya aina nyingine.

Jumatatu, 14 Julai

Jana jino la mbele chini lilicheza. Nililisukuma kwa ulimi, likaenda na kurudi. Sikulala. Leo hospitali.

Daktari ni binti tu, ningeweza kumzaa. Nikamwahi kabla hajauliza: ni maji, daktari, mimi wa Momela. Akacheka. Meno yake ya kahawia kuliko yangu! "Na mimi wa Ngarenanyuki, mama," akasema, na mkono hakuuinua. Nilimkodolea macho kama mshamba.

Niandike aliyosema, nisije nikasahau. Rangi ni madini ya kwenye maji. Yaliingia utotoni, meno yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi. Haitoki kwa mkaa wala kwa hasira. Na rangi siyo ugonjwa wa fizi. Damu ina chanzo kingine. Kuna utando laini unaojijenga juu ya jino kila siku, ule unaoweza kuubandua kwa ukucha asubuhi. Umejaa bakteria. Ukibaki pale jino linapokutana na fizi unaganda, unakuwa ugaga, mgumu kama ule ukoko wa ndani ya birika. Mswaki hauuwezi tena. Fizi inavimba, inatoka damu, inaanza kuachana na jino. Chini yake mfupa unalika polepole, na mara nyingi wala hauumi. Mwisho jino linakosa pa kujishikiza.

"Fizi nzima haitoi damu ukipiga mswaki. Awe mtu wa Momela, awe wa Dar."

Kwa hiyo mkaa na mswaki mgumu nilijichubua bure. Na kuacha mswaki ndiyo nilijimaliza, maana panapotoka damu ndipo panapouhitaji. Mswaki laini, polepole, mpaka kwenye ukingo wa fizi, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno ya kawaida. Maji ya chumvi yanatuliza tu, ugaga hayaugusi. Katikati ya meno, uzi. Hapo nikajidai: uzi ninao, hata wa cherehani nimeshajaribu! Daktari kashika kichwa. Uzi wa nguo unakata fizi. Kuna uzi wake wa meno. Na kukata nyuzi kwa meno niache leo, mkasi nimenunua wa nini.

Akauliza kama navuta sigara au natumia ugoro, maana tumbaku nayo inaharibu fizi. Hapana. Akauliza habari za sukari. Kiu isiyoisha? Kwenda haja ndogo kila mara? Kukonda bila sababu? Kisukari na fizi ni chanda na pete, alisema. Sukari ikipanda fizi zinaharibika upesi, na fizi zikiharibika sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Kanitoboa kidole. Mimi mzima.

Kanikwangua ugaga upande mmoja, upande wa pili wiki ijayo. Jino linaweza kukaza kidogo, akasema, nikifanya sehemu yangu. Nimerudi na uso umekufa ganzi, na moyo mwepesi kidogo.

Jumamosi, 26 Julai

Pande zote zimeshakwanguliwa. Damu ni kidogo, kuna asubuhi haipo kabisa. Mama Pendaeli amerudi bega kwa bega.

Yunisi kaja kujaribu gauni. Limepwaya. Nililikata mwenyewe kwa vipimo vyangu mwenyewe, na limepwaya. Kaniomba nilipunguze. Anajigeuza mbele ya kioo. Anazidi kupendeza tu, na mimi napiga magoti nikimwekea pini kiunoni.

Alikuwa na hindi la kuchoma. Akaniomba maji, akamaliza jagi. Akaomba choo. Akarudi, akaomba maji tena. Alipoondoka nikachukua gunzi nikatupe. Lina damu. Pale alipong'ata pote, alama nyekundu.

Nilikaa na lile gunzi mkononi.

Halafu nikalitupa, nikaendelea kushona.

Jumapili, 27 Julai

Nimekaa naye benchi moja kanisani. Sikumwambia.

Jumatano, 30 Julai

Gauni limepwaya tena. Tena! Nilipoinama karibu na uso wake niliisikia ile harufu chini ya peremende. Naijua. Ilikuwa yangu. Anasema tangu wahamie huku chakula hakimkai mwilini, ni hali ya hewa.

Najua ninachopaswa kusema. Ni maneno machache. Ulimi umekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kuna sauti ndani yangu inasema ngoja, iache video ipite, au liache jino limng'oke moja tu, la mbele, aonje.

Nimeandika hivyo. Sifuti.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda Momela kwa mama. Makande yenye magadi, moshi, ng'ombe mmoja mgonjwa. Mama anatafuna upande, polepole. Mdogo wako mzima? Mzima. Amenenepa? Amekonda.

Kaweka kijiko chini, akaanza habari za baba, na mama si mtu wa habari za baba. Kwamba meno yalipoanza kumtoka ndipo na kiu ilipoanza. Mtungi mzima wa maji kwa siku. Kila saa nje nyuma ya migomba. Kwamba suruali zilimlegea, na yeye mama ndiye aliyekuwa akimtoboa mkanda matundu mapya kwa msumari wa moto. "Nikitoboa, anacheka. Anasema amekuwa kijana." Mguu ulipokuja kukatwa ndipo wakaambiwa ni sukari. Tukawa bado tunasema yale meno yalikuwa maji.

Mama alitoboa mkanda. Mimi napunguza gauni.

Nimeshuka mlima bila kuona njia. Nina aibu na nina hofu, na wivu haujaondoka, uko pale pale katikati yao.

Jumapili, 3 Agosti

Nimemwambia. Nje ya kanisa, upande wa matenki. Fizi, kiu, kukonda, baba. Nilisema vibaya, haraka, bila mpangilio.

Kaniangalia meno. Siyo macho, meno. "Wewe dada? Wewe ndiyo wa kuniambia mimi habari za meno?" Akasema anajua ninachotaka. Nataka wimbo wangu urudi. Nina wivu naye, kila mtu kwenye kwaya anaona.

Nikamwambia kweli, nina wivu. Nina wivu nawe tangu siku ya kwanza ulipokuja likizo na soksi nyeupe na meno yako. Lakini nenda hospitali.

Kaondoka. Nimepika, nimeshindwa kula.

Alhamisi, 7 Agosti

Kapiga simu alfajiri. Hakusalimia. "Limetoka. Nimeamka liko kwenye mto."

Tukaenda kwa daktari yule yule. Sukari iko juu sana, wakamshangaa anatembea. Fizi zake ni mbaya kuliko zangu zilivyowahi kuwa. Weupe wote ule juu, chini mfupa umelika. Anapiga mswaki asubuhi tu, mbio mbio, chai ya sukari vikombe vitatu, na mengine kayaachia peremende. Alidhani ugonjwa wa fizi ni wa watu wa maji ya Momela. Wa kina sisi. Mimi nilidhani damu ni maji, yeye alidhani weupe ni uzima. Baba mmoja kweli.

La mbele juu limekwenda. Mengine yanayocheza daktari anasema atayapigania, mradi sukari ishuke. Dawa kaanza leo.

Kwenye benchi, pamba mdomoni, akanivuta kitenge. Maneno yalitoka nusu nusu. Kwamba kwa shangazi alikuwa analia, anayakataa maji ya Moshi, anataka ya Momela. Alikuwa anadhani akiyanywa atarudishwa nyumbani. "Wewe uliyanywa ukiwa na mama," akasema.

Maisha yangu yote nilijua ni nani aliyependelewa. Kumbe na yeye alijua, kwake ni mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Mwalimu kaniita pembeni. Kwa vile Yunisi amepata ajali ya jino, wimbo nianzishe mimi, kama zamani. Kamera itanichukua kwa mbali.

Kitu nilichokitaka tangu Juni. Kimekuja mkononi, nami nimekishika kama kiazi cha moto. Nikamwambia tutaanzisha wawili. Mwalimu kasema video siyo msiba wa ukoo. Nikamwambia basi atafute na fundi mwingine wa kumalizia sare.

Tutaanzisha wawili.

Jumamosi, 23 Agosti

Momela. Mlima ulikuwa wazi tangu alfajiri, ndege heroe wamejaa kwenye kona ya ziwa, upepo unapiga sare zangu vizuri. Shingo zote zimekaa. Nimejisifu kimya kimya, maana hakuna mwingine aliyenisifu.

Kijana wa kamera kasema "tayari". Nikavuta pumzi. Nikatupa jicho pembeni kwa Yunisi, naye ameinua mkono. Ameuweka mdomoni, vidole vimekunjwa kidogo, kidole gumba kwenye shavu. Ni mkono wangu. Ni mimi mzima, miaka yangu yote, nimesimama kando yangu mwenyewe na gauni la bluu na njano.

Nikaushika ule mkono, nikaushusha. Sikuuachia. Wangu mwingine ulikuwa na kitabu cha nyimbo, kwa hiyo sikuwa na wa kujizibia.

Tukaanza. Mdomo wazi.

Mama alikuwa kwenye kigoda chini ya mgomba, na shuka lake. Baadaye alituletea maji kwenye jagi. Yunisi akanywa glasi moja, taratibu, akasema hayana utamu aliokuwa anaukumbuka.

Jumanne, 2 Septemba

Mvua ndogo ya asubuhi. Baridi inaachia.

Mwalimu katuma kipande cha video kwenye simu. Nimekitazama mara moja, kisha mara nyingine. Meno yangu yanaonekana yote. Mbingu hazijaanguka. Chini watu wameandika maneno, na wengi wanamuuliza yule dada mwenye pengo ni nani, pengo limempendeza. Limempendeza! Mungu nisamehe, niliumwa na wivu papo hapo, na simu iko mkononi.

Jioni Yunisi kapita hapa akitoka kliniki. Sukari inashuka. Chai anakunywa kavu, anakunja uso kama mtoto. Analala hapa leo, kwa hiyo tulipiga mswaki pamoja nje kwenye karo, kila mtu na kikombe chake. Anakwenda mbio bado. Nikamwambia polepole, mpaka kwenye ukingo. Tulipotema, wote wawili tuliinama kuangalia. Langu povu jeupe. Lake lina alama ya wekundu, nyembamba.

Kabla hajaingia kulala alileta lile gauni. Linambana kidogo kiunoni. Nimefumua mshono, nimeliachia kidole kimoja, nimeshona upya. Uzi nimeukata kwa mkasi.